Datsun Yangu Ndiyo Itakayombeba Bibi Harusi

Alhamisi, 21 Desemba 1995

Siku kubwa! Nimetoka Kibosho kwenye kikao cha harusi ya Pamela. Pamela ni mtoto wa dada yangu Theodora. Harusi ni Jumamosi ya tarehe thelathini. Chakula kimepangwa, pombe ya mbege imepangwa, matarumbeta yamepangwa. Likabaki gari la bibi harusi. Nikasimama hata mwenyekiti hajamaliza kuuliza. Nikasema Datsun yangu ndiyo itakayombeba, na usukani nitashika mimi mjomba wake. Alipokuwa mdogo nilikuwa nampakia kwenye baiskeli, nikamwahidi kwamba siku ya harusi yake nitampeleka kwa gari. Wakati ule sikuwa na hata pampu ya baiskeli. Sasa gari ninalo!

Kumbe na Yoramu yupo. Yoramu ni jirani yangu kule mtaani Soweto, mjini. Hahusiki kabisa! Amealikwa eti kwa kuwa anafanya kazi pamoja na bwana harusi. Akainua mkono taratibu, akasema kama itafaa, Corolla yake ipo. Imeshuka juzi kutoka Japani, viti bado vina nailoni. Wajumbe wote wakaguna kwa kutamani. Nilitaka kumng'ata.

Shemeji Primus, baba wa bibi harusi, ni mtu wa kufikiri sana. Barabara ya kwake ni mteremko mtupu, na upande mmoja kuna korongo. Akasema mjomba ana haki ya kwanza, lakini gari likaguliwe Jumatano na dada yake, Shangazi Yuditha. Nikacheka moyoni. Mama wa watu atakagua nini? Nitapaka matairi rangi ya viatu mpaka ajione uso.

Jumamosi, 23 Desemba

Balaa. Mke wangu Salvina ananiambia leo kwamba Shangazi Yuditha ameendesha pikapu ya maziwa kwenye ile milima tangu enzi za ujana wake. Mbona kikaoni halikusemwa? Rangi ya viatu haitatosha.

Matairi yangu ni vipara. Niseme ukweli, hapa niko peke yangu. La mbele kushoto limeanza kuonyesha nyuzi. Lakini kashata, ile mistari ya tairi, si inachongwa tu! Nikapasha kisu cha jikoni kwenye mkaa, nikaanza kuchora mistari. Zigizaga safi kabisa, kazi ya kiwandani. Katikati ya uzuri huo nikasikia tairi linashusha pumzi. Likalala. Salvina akatoka kuuliza kisu chake kiko wapi.

Yoramu akapita, akasimama kwenye uzio. Akasema kwa upole wake ule kwamba kashata si urembo, kazi yake ni kutoa maji barabara ikilowa, gari lisiteleze. Nani amemwuliza? Huyu ni mtu anayepima upepo wa matairi yake asubuhi, kabla gari halijatembea, eti tairi likishapata moto kipimo kinadanganya. Ana kipimo chake mwenyewe, anakifuta na kitambaa. Mimi hupiga teke. Mguu ukiuma, upepo upo.

Mchana nikaenda Holili. Mpakani siku hizi kuna kila kitu, tangu biashara ifunguliwe. Nimepata matairi mawili! Muuzaji ameapa kwamba yalikuwa ya daktari wa Kenya, alikuwa anaendesha kwenda kanisani tu. Kashata nene mpaka raha. Jioni nimeyafunga mbele. Nikarudi nyuma kidogo kutazama. Moja ni kubwa kuliko lingine! Datsun imeinamisha bega la kushoto, na ukiachia usukani inakwenda yenyewe kushoto, moja kwa moja kwenye uzio wa Yoramu. Si kitu. Nitaegemea kulia.

Jumatatu, 25 Desemba

Noeli njema kwangu! Nimetengeneza breki mwenyewe, bila fundi.

Breki za Datsun zina tabia yake. Ukikanyaga mara ya kwanza, pedali inazama mpaka sakafuni. Mara ya pili inasita. Ya tatu inashika. Mimi nimezoea: nikitaka kusimama dukani, naanza kukanyaga kuanzia msikitini. Ila Shangazi hatakuwa na uvumilivu huo. Basi baada ya misa nikafungua boneti. Kikopo cha mafuta ya breki kikavu! Na gurudumu moja la nyuma limelowa kwa ndani. Maduka yote yamefungwa. Nikakaa, nikafikiri, nikajiuliza: mafuta si mafuta? Jikoni kuna dumu la alizeti.

Nikajaza. Nikapampu pedali. Ngumu! Inashika mara moja! Nilipiga vigelegele uani peke yangu, majirani wakadhani nimeanza mbege mapema.

Saa saba wakaja wageni, Salvina akakosa mafuta ya kukaangia chapati. Nikawaeleza wageni kwamba chapati si nzuri kwa moyo, tule mtori wa ndizi. Walikula mtori. Salvina hajanisemesha tangu wakati huo.

Jumatano, 27 Desemba

Niandike haraka, niache.

Nilifika Kibosho nimevaa tai. Nikamwamkia Shangazi Yuditha shikamoo, akaitikia marahaba, akaniomba nimpishe. Hakuangalia rangi hata kidogo. Akatoa sarafu, akaichomeka kwenye kashata ya matairi ya mbele. Ikazama vizuri. Nikatabasamu. Akaenda nyuma, akaichomeka, ikakaa juu juu, yote inaonekana. Akapapasa ubavu wa tairi, akashika mkono wangu na kuuweka pale: kuna uvimbe. Akasema hapo ndipo litapasukia. Akaomba kuona spea. Spea ni lile nililochonga. Alilitazama kwa muda, akauliza kama kuna mtoto aliyelichezea. Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe.

Halafu akafungua boneti, akachovya kidole kwenye kikopo, akanusa. 

"Baba, breki zako zinanukia chapati."

Dada yangu Theodora alijifunika uso kwa kanga. Shangazi hakucheka. Alinieleza taratibu kwamba mafuta ya kupikia yanavimbisha mipira ya ndani, ikishavimba inaharibika, na siku hiyo unakanyaga hewa. Na mafuta ya breki hayapungui bure, yakipungua ujue kuna panapovuja au breki zimelika. Mimi naitikia tu ndiyo, ndiyo. Mwisho akaliweka gari mteremkoni, akavuta handbreki, akashuka. Datsun ikaanza kuondoka. Ikarudi kinyumenyume mpaka zizini, ikasimama kwenye majani ya ng'ombe, ng'ombe akawa wa kwanza kuikubali.

Shemeji Primus akasema Pamela atapanda Corolla.

Pamela alikuwa mlangoni anasikia. Laiti angecheka. Aliniangalia kwa huruma tu. Nimelia njiani kurudi Soweto. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, miaka yote hii nimeisubiri siku hiyo moja.

Alhamisi, 28 Desemba

NIMEPATA! Saa kumi na moja alfajiri nimeamka nimekaa kitandani. Isale!

Mchagga gani anamfukuza mtu aliyemletea isale? Unachuma jani lake kwenye mpaka wa shamba, unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea, na akishalipokea amekwisha, lazima asamehe. Watu wamesameheana damu kwa jani hilo. Sembuse breki! Nikachuma kubwa kuliko yote, nikafunga mafundo mawili kwa usalama.

Nikamkuta Shemeji Primus anakamua. Nikapiga magoti kwenye tope, nikampa. Akalipokea kwa mikono miwili. Nikajua nimeshinda! Kimoyomoyo nikaanza kuchagua njia ya kumpitisha Pamela ili majirani wote waone.

"Rogath, wewe nimekusamehe," akasema. "Breki hazijaniletea isale."

Nilikaa pale kwenye tope. Lakini jani ni jani, hawezi kuniacha niondoke mikono mitupu. Akafikiri, akasema nitabeba ndafu. Nitabeba ndafu! Mbuzi mzima wa kuchoma, anayesimama mbele ya maharusi na majani mdomoni, bibi harusi anamlisha mumewe. Bila ndafu hakuna harusi. Ukitazama vizuri, ni heshima kubwa kuliko bibi harusi. Sharti moja tu: kesho niende kwa fundi, asafishe mabomba, aweke mafuta ya breki ya kweli, abadilishe mipira na shuu za breki za nyuma. Na mteremkoni nishuke na gia ya pili, injini ndiyo ishike gari, mguu nisiulaze kwenye breki. Nimekubali yote.

Ijumaa, 29 Desemba

Kwa fundi kuna foleni. Watu wote wa Dar wamekuja kula sikukuu na magari yao mabovu. Nimengoja, nimechoka. Nikatumia muda vizuri zaidi: nimenunua riboni. Nyeupe na waridi, na maua ya plastiki ya boneti. Datsun imependeza kuliko Corolla, mtu asiniambie kitu!

Jumamosi, 30 Desemba

Mimi niko hai. Mbuzi alishakufa tangu jana.

Misa iliisha vizuri, Pamela kapendeza mpaka nikakosa maneno. Msafara ukaanza kushuka kwenda ukumbini mjini. Mbele Corolla na maharusi, nyuma mimi. Ndafu alisimama kiti cha nyuma, riboni shingoni, nimemfunga na kamba, na pembeni yake Antoni, mchomaji, kamshika pembe. Watu barabarani wanapunga mikono. Nami nawapungia!

Halafu nikaona Yoramu anakwenda taratibu mno. Gia ya pili, mwoga yule. Mjomba anakula vumbi la jirani kwenye harusi ya mpwa wake? Nikatoa gia, nikaweka fri ili Datsun ijishukie yenyewe, petroli isiishe bure, mguu nimeulaza kwenye breki. Antoni akasema kuna kitu kinaungua. Nikamwambia ni mbuzi. Akasema huyu aliiva jana.

Tukapinda kona, Corolla iko hapo mbele. Nikakanyaga. Sakafuni. Nikakanyaga tena. Sakafuni. Mara ya tatu, ya nne, ya sita, hewa tupu! Handbreki, ikabaki mkononi. Na mbele yangu, kwenye kioo cha nyuma cha Corolla, shela la Pamela. Linakuja. Linakua kubwa. Nilipata hofu ambayo sijawahi kuipata maishani. Kulia korongo. Nikaachia usukani, nikajifunika macho.

Datsun ikaenda kushoto yenyewe! Yale matairi ya Holili! Ikaingia kwenye migomba ya watu, ikaangusha wa kwanza, wa pili, sijui mingapi, maji ya migomba yanaruka, ikasimama kwenye shimo la samadi. Ndafu alikuja mbele. Nilipofungua macho kichwa chake kiko begani kwangu, majani bado mdomoni.

Nikasikia mtu anakimbia. Pamela. Viatu mkononi, shela limenasa kwenye migomba, analia anaita mjomba, mjomba. Aliponiona nimekaa na mbuzi alinishika uso kwa mikono yote miwili. Na gauni lake likaingia samadi kwa sababu yangu.

Ndafu akapanda Corolla, katikati ya maharusi. Antoni akapanda pikapu ya Shangazi iliyokuwa nyuma yetu. Nami Yoramu akanifungulia mlango wa mbele, kwa upole wake ule. Tuliingia ukumbini kwa matarumbeta.

Jumapili, 31 Desemba

Pamela amekuja Soweto kuaga kabla ya kwenda Dar na mumewe. Alikaa karibu nami uani. Datsun ipo, vijana wa Kibosho wameivuta mpaka hapa, maua ya plastiki bado yapo kwenye boneti.

"Mjomba, lile gari ndilo ningepanda mimi," akasema. "Niahidi hutapakia mtu mpaka litengenezwe."

Nikamwahidi. Nilimshika mkono nikamwahidi mbele ya Salvina, machozi yananitoka, na nilikuwa namaanisha kila neno. Yoramu akaja na fundi wake. Wakafungua magurudumu, fundi akatikisa kichwa kwa muda mrefu. La nyuma kushoto limekufa kabisa, mafuta yote yanatokea hapo. Akasema gari lisiguswe mpaka vipuri vipatikane baada ya sikukuu. Nikaitikia ndiyo.

Walipoondoka nikachukua koleo, nikakunja bomba la hilo gurudumu moja, nikalibana. Nikajaza mafuta ya breki, ya kweli safari hii! Nikakanyaga. Inashika! Na kesho mama mmoja wa mtaa wa pili ana ubatizo, anatafuta gari la kumpeleka mtoto Kibosho kwa bibi yake. Nimeshamwambia saa tatu nipo mlangoni. Pamela alisema nisipakie mtu, lakini huyu ni mchanga kabisa, hata meno hana. Na breki zinazofanya kazi ni tatu kati ya nne. Tatu kati ya nne! Shuleni sikuwahi kufika hapo.