Upepo wa Ghorofa ya Tano

Waambie watu wa Bukarest kwamba hewa wanayovuta imejaa moshi, watakuuliza mechi inaanza saa ngapi. Waambie kwamba tetemeko lijalo litaliketisha jengo lao chini, watakujibu kwamba lililopita liliwakuta mezani na supu haikumwagika. Lakini fungua dirisha la mbele na la nyuma kwa wakati mmoja, hata iwe kiangazi, uone watu wazima wanavyoruka kama wamemwagiwa maji ya moto. Upepo unaopita kati ya madirisha mawili, kwao, ndio unaoleta maumivu ya jino, ya sikio na ya figo, na kifo cha ghafla.

Virgil Ciocârlan alikuwa mchambuzi wa sera za makazi na mazingira katika taasisi moja yenye jina refu kuliko kazi zake. Siku hiyo alisimama kwenye ngazi za jengo la zamani karibu na bustani, akiwaeleza wenye nyumba habari za vumbi laini linaloingia mapafuni. Alikuwa na picha za rangi. Bibi mmoja alikuwa akifuma soksi. Wengine walisinzia kwa heshima. Ndipo mtu akaingia na kuuacha mlango wa chini wazi, na dirisha la juu nalo lilikuwa wazi.

"Mlango! Mlango, we!"

"Mnatuua jamani!"

"Mwenyekiti, shingo yangu!"

Mwenyekiti wa wenye nyumba, Bi Aurora Sbârcea, mjane mwenye nyumba nne humo ndani na huruma isiyotosha kujaza kabati la hata moja, alijifunga skafu mpaka puani. Virgil aliwatazama, akazima picha zake taratibu. Miaka yote alikuwa akiwapelekea hofu wasiyoitaka, na kumbe hofu wanayoitaka inapita bure dirishani.

Naye alikuwa na shida. Mtaalamu huyu, aliyeandika kurasa tele juu ya haki ya kila raia kuwa na paa, alikuwa analala jikoni kwa shangazi yake Veturia, kwenye kitanda cha kukunja, miguu ikigusa pipa la kabichi za siki. Alikuwa na miaka arobaini na ushee. Kila asubuhi shangazi alimruka kwenda kuchemsha kahawa. Na pale ghorofa ya tano Bi Aurora alikuwa na nyumba tupu, vyumba viwili, roshani ikitazama miti. Virgil aliitaka nyumba ile mpaka meno yakamuuma.

Akamwendea na kifaa. Kilikuwa kipimajoto cha maji ya kuogeshea mtoto, kimefungwa nyaya za redio mbovu. Bi Aurora alimkaribisha kwa desturi, kijiko cha jemu ya cheri na glasi ya maji baridi, kisha akamfuata chumba hadi chumba. Virgil alifungua madirisha, akafumba macho, akaguna.

"Kuna nini, Bwana Daktari?"

"Kaa chini, Bi Aurora."

"Nimekaa."

"Basi vaa kofia."

Akaivaa.

"Upepo wa daraja la juu," Virgil akasema kwa sauti ya msibani. "Unaingia jikoni, unapita sebuleni, unatokea chumba cha kulala. Sijaona kama huu tangu nilipopima mji wa Ploiești."

"Na huko Ploiești ilikuwaje?"

"Mwenye nyumba alipinda shingo. Mpaka leo anatazama kushoto tu."

Bi Aurora alijipiga ishara ya msalaba. Virgil akamweleza kwamba taasisi itatoa ramani kabla ya Pasaka, na kila nyumba yenye upepo itapakwa rangi ya zambarau. "Hii yako ni zambarau iliyoiva."

"Ikishapakwa, nani atainunua?"

"Hakuna."

"Na kabla haijapakwa?"

Mtu mwema angeuliza dawa. Bi Aurora aliuliza mnunuzi. Virgil akainamisha kichwa kama mtu anayejitolea kupigwa risasi badala ya wenzake. "Labda mimi. Anayechunguza homa lazima aikaribie."

"Masikini mwanangu! Utakufa."

"Kwa ajili ya elimu, Bi Aurora."

"Basi ufe, lakini usinipunje."

Wakavutana mpaka jemu ikaisha. Bi Aurora alimwachia kwa nusu ya bei, aking'ang'ania mapazia tu yabaki yake. Virgil aliuza shamba la mizabibu la marehemu baba yake, kila mzabibu, pamoja na kibanda na pipa. Kwa mthibitishaji wa mikataba Bi Aurora alimbusu mashavu yote mawili na kumpa mkate mtamu wa kokwa za jozi. Kwa nini mtu aliyepoteza nusu ya mali yake anatabasamu hivyo? Virgil hakujiuliza. Alikuwa na kazi ya kujipongeza.

Alihamia. Alilala akiwa amejinyoosha, miguu isiguse kitu. Asubuhi alikunywa kahawa kwenye roshani, akawadharau wapangaji wote wa Ulaya. Kisha akashuka ngazi, akakutana na jirani yake, Bwana Haralamb, fundi saa mstaafu.

"Hongera kwa moyo wako, Bwana Daktari."

"Moyo gani?"

"Wa kununua humu, jengo la duara jekundu."

Virgil alishika ukuta, kisha akauachia haraka. Duara jekundu ni kile kibati ambacho wahandisi hukigonga mlangoni mwa jengo ambalo tetemeko kubwa litaliangusha. Benki haikopeshi. Mnunuzi hapigi hata hodi.

"Mbona sikukiona mlangoni?"

"Tuliking'oa. Kuna msomi mmoja aliandika kwamba vibati hivyo vinashusha bei na kuharibu sura ya mji. Bi Aurora alitusomea ripoti yote kwenye mkutano. Bisibisi ilikuwa yangu."

Virgil alimfahamu msomi huyo vizuri sana. Ripoti ile alikuwa ameiandika yeye mwenyewe kwa ajili ya madalali wa nyumba, kwa malipo ya chakula cha mchana, na hakwenda kutazama jengo hata moja.

Bi Aurora naye hakucheka muda mrefu. Siri ya upepo alimnong'oneza rafiki mmoja tu, na huyo naye akamnong'oneza mmoja tu, na kabla ya Pasaka wapangaji wa nyumba zake tatu zilizobaki walikuwa wamefunga virago. Kila aliyekuja kutazama nyumba aliuliza kama ndiyo ile ya zambarau. Bi Aurora akaitisha mkutano kwenye ngazi. Watu walikuja na skafu.

"Huyu tapeli," alisema akimwonyesha Virgil kidole, "aseme mbele yenu kwamba upepo aliuzua. Kisha aniombe radhi!"

"Aliyeniuzia kaburi lenye roshani ni nani?" Virgil akafoka. "Anza wewe!"

"Mimi nimekuuzia nyumba. Nyumba si ipo? Si imesimama?"

"Kwa leo!"

"Tulieni, tulieni," Bwana Haralamb akaingilia. "Mwanangu Virgil, sema neno moja tu, wapangaji warudi, Bi Aurora naye atakurudishia pesa zako. Si ndiyo, Bi Aurora?"

"Nitamrudishia," alisema Bi Aurora kwa uchungu, kama anang'olewa jino. "Akishasema."

Shamba la baba lilikuwa hapo, kwenye ncha ya ulimi wake. Virgil alifungua kinywa kulichukua. Akawaona wote wamemkazia macho, wamenyamaza, wanasikiliza kila pumzi yake, watu walewale waliolala mbele ya picha zake za rangi. Kiburi kikampanda. Ilikuwa mara ya kwanza kusikilizwa, na mtu wa aina yake huuza shamba mara mbili kwa ajili ya hilo.

"Ripoti zangu za kweli hazijamhamisha hata paka," akasema. "Uongo huu umewatoa wapangaji watatu na watoto wao chini ya dari itakayowaangukia."

"Umelifikiria sasa hivi hilo!" Bi Aurora akapiga kelele.

"Sasa hivi," Virgil akakubali. "Na ramani itatoka. Jengo zima zambarau, kuanzia chini hadi paa. Radhi siombi."