Mvua ya Jumatatu Yarudi Jukwaani

Ma Deok-su alikuwa akipita mtaa wa Sinchon akitafuta mjinga mmoja wa kumpatia riziki ya siku, akakuta mgahawa mzima. Walikuwa watu wa miaka hamsini na kitu, wakurugenzi na mameneja na wake zao, wamechomeka vijiko kwenye chupa za pombe ya soju kuwa vipaza sauti, wanaimba nyimbo za Mvua ya Jumatatu. Ndiyo bendi waliyoipenda walipokuwa chuoni, ikavunjika kabla hawajahitimu. Nusu yao walikuwa wanalia. Deok-su naye alisoma enzi hizo hizo, ila machozi yake aliyaweka kwa matumizi ya kikazi.

"Samahani jamani," alisema akivuta kiti kama aliyealikwa. "Mimi ndiye wakala wao. Wanarudi jukwaani, mara moja tu."

Vifijo vilikaribia kuezua paa. Aliyebaki kimya ni mmoja, Pyo Myeong-ok, mhazini wa chama chao cha waliosoma pamoja, aliyekuwa akigeuza nyama kwa koleo.

"Na hela tukupe wewe, kaka? Hapa hapa?"

"Dada yangu! Mimi ni mtu wa hivyo?" Deok-su alishika kifua. "Kusanya viingilio, kaa navyo mwenyewe. Msiposikia nyimbo zote, nisilipwe hata senti."

Ungedhani ni uungwana. Deok-su aliwajua vizuri watu wake. Mkorea akilipia tamasha haendi kusikiliza, anaenda kuimba, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na mwimbaji mwenyewe avumilie. Kwa hiyo bendi haikuhitajika, vilihitajika vichwa vinne vyenye mvi, navyo alivipata bustanini vikicheza sataranji. Ili alipie ukumbi, aliuza jokofu la mkewe la kuhifadhia kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, akamwambia liko kwa fundi. Msimu wa kutengeneza kimchi ulikuwa umekaribia, na yule mama hana masihara na kabichi zake. Deok-su alikuwa na hofu ya kweli: hela ya tamasha ikikosekana, nyumbani asahau.

Siku ikafika. Wazee wanne wakapanda jukwaani na miwani myeusi, magitaa shingoni, muziki ukitoka kwenye kompyuta nyuma ya pazia.

"Mkisahau maneno, fanyeni kama mnatafuna," Deok-su aliwaagiza.

Hawakupata hata nafasi ya kusahau. Ukumbi mzima ulisimama ukaimba, wakurugenzi wametoa mishipa ya shingo, wake zao wanarukaruka. Mzee mmoja alipiga mwayo, akashangiliwa. Ulipoingia wimbo wa mwisho, ule wa kituo cha treni, Deok-su alikumbuka msichana aliyemwacha mwaka wa pili wa chuo, akashikwa na uchungu pale pale nyuma ya pazia. Akaimba kwa sauti yote aliyojaliwa, kamasi zikimtoka, bila kulipwa na mtu.

Watu walipoanza kutoka, Myeong-ok alimfuata na mkoba wake.

"Asante, kaka. Sijalia hivi tangu ujana wangu."

"Wajibu wangu, dada. Basi tumalizane."

"Tumalizane. Wale wazee ni akina nani?"

"Si bendi yenyewe! Sura hubadilika, dada, umri huu..."

"Yule wa besi ni jirani wa mama yangu, fundi viatu. Tulimjua tangu wimbo wa kwanza. Ila nani angekatiza raha ile?"

"Lakini nyimbo mmezisikia! Zote! Tuliahidiana."

"Tumezisikia, wala sikatai. Na anayelipwa ni aliyeimba, kaka. Tumeimba sisi. Hela tumeshagawana mlangoni, sawa kwa sawa, kila mwimbaji na chake."

"Dada, mke wangu atanifukuza!"

"Pole sana. Lakini usiseme tumekudhulumu. Nilikuona nyuma ya pazia, umeimba kutushinda wote." Akatoa bahasha. "Mgao wako, kama wa mwimbaji mwingine yeyote. Ni sawa na kiingilio kimoja."

Deok-su aliinama, akanyoosha mikono yote miwili kwa heshima. Bahasha ikarudi mkobani.

"Ila kaka," alisema Myeong-ok akifunga zipu, "wewe kiingilio hukulipa."