Hadubini Mbili na Tao Langu la Chuma

Jumatatu, 12 Mei

Nimetiliwa shubiri kwenye asali. Saa nne, nikiwa kazini kwenye bohari, Mbaraki, nimeletewa barua kutoka shule ya binti yangu Kanze. Mwalimu mkuu, Mwalimu Zilpah, anakiomba chama cha wazazi elfu hamsini na nane. Za nini? Hadubini mbili! Vyombo vya kukuzia vitu vidogo mpaka vionekane. Anasema watoto wa gredi ya saba wanasoma sayansi kwa michoro ya ubaoni, na hilo linamnyima usingizi. Hati yake, lo! Herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Nimeisoma barua mara tatu kwa uzuri wake tu.

Lakini mwenyekiti wa chama ni mimi. Chama kina elfu sitini, nami nimeshazipangia kazi. Tao la chuma juu ya geti la shule, jina langu katikati. Fundi Benard wa Mwembe Tayari ameshaanza kuchomelea. Nimempa arubuni ya elfu nane kutoka mshahara wangu. Mke wangu Everlyne hajui. Chama kitanirudishia, wazazi wakikubali. Bado hawajaambiwa.

Jumanne, 13 Mei

Mbinu ya kwanza. Nimemrudishia Mwalimu Zilpah barua, nikamweleza kwa heshima zote kwamba haina muhuri, haina nambari ya kumbukumbu, wala bei za maduka matatu. Nilikadiria atahangaika wiki tatu. Nikanywa chai kwa raha zangu.

Saa tisa barua imerudi. Muhuri upo. Nambari ipo. Bei za maduka matatu zipo, na duka la nne amelikataa kwa ughali wake. Chini kabisa ameshukuru "umakini wa Mwenyekiti". Mwanamke huyu ana watoto mia sita, na mvua ya leo imevuja madarasa mawili. Wakati aliupata wapi? Nimebaki kinywa wazi. Kisha nimekasirika.

Alhamisi, 15 Mei

Mbinu ya pili: kuwageuza wazazi kabla ya mkutano wa Jumamosi. Nimeanza na Bi. Mejumaa, mweka hazina wetu, anayeuza mahamri na mbaazi Mji wa Kale. Nimemkuta anakanda unga. Nimemwamkia kwa kirefu kama inavyostahili, nikauliza hali za jamaa zake mmoja mmoja. Ndipo nikamwambia kwamba kisichoonekana Mungu amekificha, sisi ni nani hata tukichungulie?

Ameniuliza kama miwani yangu nayo ni ya kumchungulia Mungu.

Nimevua miwani.

Nimekwenda kwa makamu wangu Ubaid, mwenye duka la rangi. Amekubali upesi kwamba hadubini hazina maana. Eti pesa zinunue rangi ya kuta. Rangi yake! Watu wengine wana ubinafsi wa ajabu.

Ijumaa, 16 Mei

Mbinu ya tatu, ya kipaji kabisa. Nimempigia simu Mwalimu Zilpah. Nimemwambia wazazi hawauziwi mbuzi kwenye gunia. Kesho alete hadubini mkutanoni. Ikituonyesha lolote la maana, mimi mwenyewe nitasimama kumuunga mkono. Na maji ya kutazama nitaleta mimi, pasiwe na hila. Ataipata wapi hadubini kwa siku moja?

Ameshukuru na kukata simu. Haraka mno.

Kwa tahadhari nimenunua maji ya chupa. Yamesafishwa mara saba, yasema karatasi yake. Humo hata dhambi haiwezi kuishi.

Jumamosi, 17 Mei

Sijui nianzie wapi.

Hadubini ilikuja! Mwalimu Zilpah ana binamu fundi wa maabara, amemwazima. Aliipakata kwenye tuktuk kama mtoto mchanga. Akaiweka dirishani penye mwanga. Wazazi arobaini. Na aliyechaguliwa kuwaonyesha wazazi ni Kanze wangu, sare imepigwa pasi.

Tone la maji yangu likawekwa. Wazazi wakachungulia mmoja mmoja. Hawakuona kitu. Minong'ono ikaanza. Ubaid akataja rangi. Nikasimama, nikasafisha koo. Ndipo Kanze akaniangalia. Alikuwa ameiona chupa mkononi mwangu, na alikuwa ameelewa. Nilitamani kuingia ndani ya chupa hiyo.

Bi. Mejumaa akatia mkono kikapuni, akatoa kitunguu. Akauliza kama chombo kinaweza kutazama hiki. Mwalimu Zilpah akabandua ngozi nyembamba kama pumzi, akaitandaza kwenye kipande cha kioo, akaidondoshea dawa.

"Baba, anza wewe," Kanze akasema.

Niliinama ili nicheke.

Sikucheka. Vyumba! Mamia ya vyumba, ukuta kwa ukuta, kama Mji wa Kale mtu akiutazama kutoka juu ya mnara. Na ndani ya kila chumba kitone kimoja, kana kwamba kila mwenye nyumba amewasha taa. Hakuna kilichojengwa ovyo. Nimekula vitunguu miaka arobaini na sita. Nimekatakata miji mizima nikaitupa kwenye mafuta!

Nikauliza ni nani wanaokaa mle.

"Hizo ni seli, baba. Hata wewe umejengwa hivyo hivyo."

Hata mimi! Karani wa bohari! Nikazidi kuinama. Sikutoka.

"Mwenyekiti," akasema Bi. Mejumaa, "nasi tuna mato ya kutazamia."

Sikutoka bado. Ubaid akanivuta shati, kifungo kikaruka. Naye akainama. Akasema Subhanallah, na rangi hakuitaja tena.

Kura zikapigwa. Wazazi wote wamekubali. Nimenyoosha mikono yote miwili. Bi. Mejumaa amehesabu mmoja.

Jumatatu, 19 Mei

Msiba. Fundi Benard amefika nyumbani Tudor na tao kwenye mkokoteni, anadai salio. Limeandikwa KAHINDI TOSFA. Mimi ni Tsofa. Aliyefungua mlango ni Everlyne.

Hakupiga kelele. Alilitazama tao, akanitazama mimi, akamkaribisha fundi maji ya kunywa. Baada ya dakika kumi wamepatana: tao arudi nalo akalikate liwe madirisha, na elfu tano azirudishe papo hapo. Amezirudisha! Mimi hakuwahi kunipunguzia hata mia. Nimesimama nyuma ya pazia nikimstaajabia mke wangu kama nilivyokistaajabia kitunguu.

Pesa hizo ni za viatu vya Kanze. Nimeapa sitatoa tena arubuni ya kitu chochote kwa siri.

Jumatano, 28 Mei

Hadubini zimewasili shuleni! Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda. Kanze amenionyesha ubawa wa mbu: umefumwa kama kitambaa cha bi harusi. Chembe za chumvi ni masanduku ya kioo! Amenishika mkono nilipotaka kuanguka. Nadhani amenisamehe.

Nimetoka nikijiuliza. Kama vidogo viko hivi, vya mbali je? Mwezi? Nyota?

Mungu mkubwa. Pale Mwembe Tayari nimekutana na bwana mmoja, Lennox, anayeuza darubini ya kutazamia mbingu. Kwa sasa iko kwa shemeji yake Malindi, lakini alivyoieleza, nilihisi mwezi umeniangukia kiganjani. Nimempa arubuni ya elfu tatu, zile alizonipa Everlyne nikalipie stima. Zilizobaki wazazi watachanga kwa furaha, sina shaka.

Everlyne nitamweleza ikifika.