Kisicho na Lebo Hakina Mwenyewe

Jumamosi, 2 Agosti

Wamefika. Dada amewaleta asubuhi, hakukaa hata kidogo. Anakwenda kwenye semina, atarudi Jumamosi ijayo. Wapwa zangu wawili ni wangu kwa wiki nzima. Mkubwa ana miaka tisa, nyumbani wanamwita Mheshimiwa kwa sababu anapenda kuamuru. Mdogo ana mitano, wanamwita Kifungo. Kwa nini Kifungo, sijui. Niliogopa kuuliza. Mjomba anapaswa kujua.

Kila likizo huenda kwa baba yao mdogo. Baba mdogo ana bustani, ana televisheni pana kama mlango, ana mbwa. Safari hii hayupo, ndiyo maana nimekumbukwa. Dada akiwa mlangoni akasema kuanzia likizo ijayo watoto watachagua wenyewe waende kwa nani, yeye amechoka kuamua. Akakitazama chumba changu. Kimoja, jiko pembeni, kitanda ambacho kuanzia leo si changu. Akasema nijitahidi, mdogo wake. Kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa ale.

Nataka wanichague mimi. Naandika hapa ili nisijidanganye. Jioni zangu ni ndefu. Mtangazaji wa redio akisema habari za jioni, humjibu nzuri.

Silaha ninayo. Jana nimeazima mashine ya lebo kazini, ile tunayoandikia majalada kule masjala. Mama wa stoo alinitazama juu ya miwani akauliza ya nini. Kwenye fomu nikajaza "matumizi ya nje". Si uongo. Kwangu ni nje ya ofisi. Hata hivyo kijasho chembamba kilinitoka mpaka kituo cha basi.

Jumapili, 3 Agosti

Mpango wa kwanza: kubandika lebo kila kitu chumbani. Inafundisha kusoma, haina kelele, haimwagiki.

Mheshimiwa aliandika MEZA, KITI, DIRISHA, SUFURIA. Akauliza baada ya hapo nini. Sikuwa na baada ya hapo. Akaandika KITI CHA PILI, akazungusha macho chumba kizima, akaniarifu kwamba sina kiti cha pili. Nikasema ninajua. Akauliza wageni wangu hukaa wapi. Nikasema tuendelee na kabati. Akaibandika lebo ile sakafuni, mahali ambapo kiti kingekuwepo.

Kifungo hajui kusoma. Anapenda mlio tu. Alibonyeza K mpaka utepe ukatoka mrefu kama mkanda wa suruali, akajifunga kiunoni. Utepe ni mali ya ofisi. Nikajikaza kisabuni nikamwambia amependeza.

Mchana kutwa habari ni za mbwa. Mbwa wa baba mdogo akiambiwa kaa, anakaa. Nikasema hata mimi nikiambiwa ninakaa. Walinitazama kwa huruma.

Jumatatu, 4 Agosti

Mvua. Mpango wa pili: kutafuta hazina kwa kufuata lebo. Niliziandaa kwa uangalifu. "Rejea kabati, rafu ya chini." "Rejea nyuma ya pazia." Mheshimiwa akaona zote nane kabla sijamaliza kueleza kanuni, na biskuti zilizokuwa ndiyo hazina akazila peke yake. Chumba kimoja hakifichi kitu. Kifungo akaangua kilio kwa kuwa hakupata chochote.

Nikakimbilia kufunga mlango. Ng'ambo ya korido anakaa nesi wa zamu za usiku, mchana analala. Huu mwaka wa pili naishi hapa, na hatujawahi kukwaruzana. Hatujawahi kuzungumza pia. Tunasalimiana kwa kichwa. Nikawaambia watoto tutembee kwa ncha za vidole. Wakaupenda mchezo huo kuliko yote, wakanyata mpaka jioni. Mheshimiwa akasema mimi ndiye bingwa. Kweli, nina mazoezi.

Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya. Nieleze kwa utaratibu.

Asubuhi niliwafundisha sheria ya masjala. Kitu chenye lebo kina mwenyewe na kina mahali pake. Kisicho na lebo hakina mwenyewe: hukusanywa, huwekwa chumba cha ndani, mpaka mtu aje ajieleze. Mheshimiwa macho yakamng'aa. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Kwa mara ya kwanza hakumtaja mbwa. Niliona nimezaliwa mwalimu, nikajinyoosha kwenye mkeka kidogo tu, maana sakafu hii hainipi usingizi.

Nilipoamka sikuwa na pa kuweka mguu. Viatu, ndala, ndoo mbili, fagio, mwavuli, viti, mmea ndani ya kopo. Kifungo alikuwa mlangoni akiburuta kigoda kinyumenyume. Korido nzima imehamia kwangu.

Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, hivi ni nini. Mheshimiwa akajibu kwamba havina lebo. Amekagua kimoja kimoja.

Mpango wangu ulikuwa kuvirudisha kimyakimya. Nikashika kiatu, nikatoka, nikasimama. Kiatu cha nani? Nimeviruka viatu hivi kila siku, tena macho chini, na sijui hata kimoja ni cha nani. Nikarudi ndani. Hapo ndipo walipogonga.

Fundi saa wa chumba cha kushoto, amevaa soksi. Dereva wa teksi, mguu mmoja kiatuni, mwingine hewani. Nesi, amejitanda shuka, usingizi bado usoni. Maji yakanifika shingoni. Nilimwomba msamaha kila mmoja mara mbili, fundi saa mara tatu kwa sababu ni mtu mzima.

Mheshimiwa hakuomba msamaha. Alikaa nyuma ya meza akamwambia fundi saa aeleze kitu chake. Fundi saa akasema ni kiti, kina miguu minne.

"Vyote vina minne, babu. Toa ushahidi."

"Mguu mmoja mfupi. Kalia uone utakavyolewa bila pombe."

Mheshimiwa akakikalia, akayumba, akampitishia. Dereva akasema, "Mheshimiwa hakimu, changu kinanuka. Nusa, kesi iishe." Nesi akasema yeye alitoka kutafuta ndala, amekuta mahakama. Kila aliyeshinda Kifungo alimtolea lebo ya K, akambandika mkononi.

Wakakaa. Sikuwa na viti, lakini vyao vilikuwepo. Sikuwa na vikombe, wakaenda kuchukua vyao. Walikunywa chai yangu mpaka majani yakaisha. Nesi akaniambia, "Kumbe unaongea, jirani. Sisi tulidhani umetoroka jela." Wote wakacheka. Nikasema samahani.

Lazima watanishtaki kwa mwenye nyumba. Watu hawaketi muda mrefu hivyo bila nia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeporwa. Tangu jana watoto hawashindi kwangu. Mheshimiwa yuko kwa fundi saa, anabandika lebo droo zake: MIKANDA, MISHALE, VIOO, SIJUI NI NINI. Kifungo yuko kwa nesi, amempa K ya paji la uso, na nesi akatoka nayo mpaka bombani. Dereva ameomba lebo ya dashibodi: ABIRIA ASIFUNGE MLANGO KWA HASIRA. Mashine niliyoiazima kwa jasho langu inazunguka korido nzima bila mimi.

Nilikuwa na mpinzani mmoja, tena wa miguu minne. Sasa ninao wengine watatu, tena wana viti vyao.

Nilikaa chumbani, huenda wangerudi. Nilisikia vicheko upande wa dereva. Nesi akagonga, akasema wote wako kule, dereva amekaanga viazi, njoo jirani. Nikasema nina kazi. Sina kazi, niko likizo. Lakini wanaonichukulia watoto siwezi kuwachekea juu ya sahani. Baadaye Kifungo akaniletea viazi vimepoa, kwenye kisosi, kimebandikwa K. Nilivila nimesimama.

Jumamosi, 9 Agosti

Dada amewachukua. Kuagana na korido kulichukua nusu saa. Kifungo alilia shingoni kwa nesi. Fundi saa alimpa Mheshimiwa saa isiyotembea, akamwambia nayo huwa sahihi, ila mara mbili tu kwa siku. Zamu yangu ilipofika, Mheshimiwa alinipa mkono akasema asante kwa ushirikiano.

Dada akauliza kama wamenisumbua. Nikasema hapana. Akauliza kama nina homa. Nikasema hapana.

Nimekunja mkeka. Nimewasha redio. Nimesalimiwa, sikuitikia.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimerudisha mashine. Mama wa stoo aliifungua, akakuta utepe umekwisha kabisa, akauliza matumizi gani ya nje humaliza utepe mzima. Nikasema kulikuwa na vitu vingi visivyo na lebo. Akanitazama. Akasema, "Haya."

Nimeiwaza haya ile mpaka saa ya kutoka.

Jumatano, 13 Agosti

Dada amepiga simu. Watoto wamechagua.

Wamenichagua mimi.

Nilikaa chini. Nikamwomba aseme tena, akasema tena. Hata yeye haelewi. Amemuuliza Mheshimiwa sababu, akajibiwa kwamba kwa baba mdogo kuna mbwa, lakini kwa mjomba kuna watu. Dada akaniuliza watu gani, si unaishi peke yako? Nikasema nami nashangaa.

Nimelitafakari suala hili kwa makini. Mtoto wa miaka tisa hukuza mambo. Watu hawapo, nimekitazama chumba. Kilichowavuta ni lebo. Hakuna maelezo mengine. Mashine imemshinda mbwa, na aliyefikiria mashine ni mimi.

Likizo ijayo sitabahatisha. Nitaomba mashine kubwa, ile ya rangi, na tepe tatu. Mlango nitaufunga kwa ndani tangu siku ya kwanza, ufunguo nitauvaa shingoni, asitoke mtoto kwenda kuchukuliwa na majirani. Nao majirani nitarudi kuwasalimu kwa kichwa, tena kwa mbali, wasije wakazoea.

Wamekwisha kuzoea. Naandika haya taa nimeipunguza kwa sababu nesi amegonga sasa hivi. Amesema kupitia mlangoni kwamba leo hana zamu, fundi saa amechemsha chai, wametoa viti koridoni na kimoja ni changu. Nimebana pumzi. Amegonga tena, akaniita kwa jina langu. Sijui nani amemwambia. Kisha ndala zake zikaenda.

Wanacheka huko. Dereva anasimulia kitu cha abiria na mlango.

Nimekata karatasi, nimeandika kwa kalamu, herufi kubwa zilizonyooka: MWENYEWE HAYUPO. Nitaibandika mlangoni wakishaingia ndani.