Kamongo wa Chumba cha Nyaraka

Sogeeni, enyi mliojaliwa masikio mawili na pua moja, mnisikilize kwa yale mawili, na hiyo moja muiandae kwa mateso, kwa maana ninayoyasimulia hayakuwahi kuandikwa na mwanachuoni yeyote, na sababu ni kwamba hakuna mwanachuoni aliyeweza kusimama karibu. Nawahadithieni habari za Thadeo mwana wa Burito, kuli wa zamani wa gati la Musoma, mwenye mgongo mpana kama mlango na moyo mwembamba kama uzi, aliyeshika ufunguo wa ghala la kijiji cha Juhudi, akaingia vitani adhuhuri ya Ijumaa, akatoka mshindi kabla uji wake haujapoa.

Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na tano, mwezi Machi. Miezi minne nyuma yake malori yalikuwa yamekusanya kaya mia na ishirini kutoka vilimani kati ya Bunda na Butiama, yakazimwaga pamoja na vyungu vyake kwenye uwanda mmoja, zikaambiwa kwamba hapo ndipo nyumbani. Nyumba zenyewe hazikuwepo. Kilichokuwepo ni ghala kuukuu la pamba lenye paa la bati, nalo ndilo likageuzwa hifadhi ya mali ya taifa zima hilo dogo: sakafu ikachorwa miraba kwa chaki, kila kaya ikapewa mraba wake wa hatua tatu kwa tatu, na humo ikaweka vitanda, majembe, viti, mablanketi na masufuria, hadi siku ambayo kuta zao zingesimama.

Na kwa kuwa palipo na mali hapakosi sheria, na palipo na sheria hapakosi mtu wa kujivunia, akainuka Ndugu Magige Keraryo, Katibu wa kijiji, mmaliza darasa la nane, mwenye kalamu tatu mfukoni kati yake moja tu ndiyo iliyokuwa na wino. Huyu aliketi siku mbili akatunga tangazo la vitu visivyoruhusiwa kuwekwa ghalani, akalibandika mlangoni kwa misumari minne. Petroli ilikatazwa, na mafuta ya taa, na baruti. Ilikatazwa pombe ya aina yoyote iliyoiva au inayoelekea kuiva. Kilikatazwa kitu chochote chenye uhai, na mara baada yake kitu chochote kilichowahi kuwa na uhai na sasa kinaoza, hususan nyama na samaki. Mwisho wakakatazwa watu kulala humo, hata wakiwa wamegombana na wake zao.

Wananchi walilisoma tangazo hilo kwa heshima, kisha wakaleta walichokuwa nacho. Hapo ndipo Thadeo alipojizolea sifa zake za awali. Alimtimua kuku aliyekuwa akiatamia mayai kumi na moja ndani ya kofia ya marehemu mmoja. Alitoa mtungi wa pombe ya mtama uliokuwa ukiguna kwenye kona kama mzee mwenye kifua. Aliteka debe la petroli la mtu mmoja ambaye hakuwa na gari, wala pikipiki, wala jamaa mwenye navyo, aliyejitetea kwamba alikuwa anajiandaa. Vita vyote hivyo Thadeo alivishinda bila jasho, kwa sababu wenye vitu hivyo hawakuwa na cheo, na dhidi ya mtu asiye na cheo Thadeo alikuwa simba.

Lakini Katibu hakuwa na mraba wa chaki. Katibu alijitengea kona nzima, akaizungushia mbao, akaitilia mlango na kufuli la shaba, akaiita Chumba cha Nyaraka. Jumatatu moja akarudi kutoka Musoma na gunia lililofungwa kamba, akamtwika Thadeo alipeleke humo.

"Hizi ni nyaraka za wilaya," akasema. "Zishike kwa adabu."

Thadeo akazishika kwa adabu. Hatua ya tano nyaraka zikampiga teke la mbavu. Akasimama. Nyaraka zikajipinda, zikamlowesha shati kwa matope ya ziwa, zikatulia. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi gatini angejua ni nini: kamongo, samaki yule mwenye umbo la nyoka ambaye anaweza kukaa nje ya maji siku nyingi akihema kwa mapafu kama mtu. Katibu alimnunua amzawadie ofisa mmoja wa wilaya, akamkuta ofisa amesafiri, akaona amhifadhi mpaka arudi. Thadeo alijua. Akaziweka nyaraka chini, akafunga mlango, akampa Katibu ufunguo wake kwa mikono miwili, akaondoka akijiambia kwamba mambo ya wilaya yana namna zake.

Kamongo alivumilia siku sita, jambo ambalo kwa samaki ni ushujaa mkubwa kuliko wote utakaosimuliwa hapa. Siku ya saba akafa. Siku ya tisa kijiji kikajua kwamba kuna kilichokufa.

Nitaielezaje harufu ile? Haikuja kama mgeni, ilikuja kama mkuu wa mkoa, na msafara. Iliingia katika mablanketi ya wachumba na nepi za watoto ambao hawajazaliwa. Ilikwea juu ya paa. Nzi wa kijani walikusanyika mlangoni kwa vikosi, wengine wakatua juu ya tangazo la Katibu wakatembea mstari kwa mstari kama wanaosoma. Na hapo ndipo ulipokuwa msiba, kwa maana Jumamosi ya wiki ileile alikuwa anakuja mkaguzi wa ushirika kulitazama ghala hilo, aamue kama Juhudi itapewa kituo cha kununulia pamba. Akikubali, pamba ingeuzwa palepale. Akikataa, akina mama wangeibeba vichwani maili kumi na moja hadi Manyamanyama, safari baada ya safari, msimu mzima, kama walivyofanya kutoka vilimani mwaka uliotangulia, na mmoja wao mwaka huo alikuwa amejifungulia njiani.

Kamati ya kijiji ikakutana mara tatu juu ya harufu hiyo. Mkutano wa kwanza ulikubaliana kwamba ipo. Wa pili ulikubaliana kwamba inatoka ndani. Wa tatu uliongozwa na Katibu mwenyewe, aliyekuwa anajua vizuri kuliko wote inatoka wapi, na ambaye asingeweza kumtoa samaki mbele ya macho ya watu aliowakataza samaki kwa misumari minne. Akasimama kibarazani pa ghala, akajikohoza.

"Ndugu wananchi, tumechunguza kwa undani. Harufu hii ni ya mabaki ya zamani ambayo wenzetu wamekataa kuyaacha vilimani. Ghalani kuna ngozi ya ng'ombe. Ngozi ilikuwa na uhai, sasa haina. Tangazo liko wazi. Ngozi ichomwe Ijumaa adhuhuri, ili Jumamosi mgeni atukute katika hali ya maendeleo."

Ngozi ilikuwa ya Boke, mjane wa miaka kama hamsini, mwanamke mkimya aliyepewa mraba wa mwisho kabisa, unaopakana na mbao za Katibu. Watu wakamgeukia. Boke hakuinuka upesi. Alipoinuka alisema bila kupandisha sauti:

"Hiyo ngozi ni ya miaka thelathini. Baba alichinja ng'ombe siku mahari yangu ilipofika, akanipa ngozi. Watoto watano nimewazalia juu yake, na mume wangu alifia juu yake. Nilikuwaga nayo kule mlimani, haikuwahi kunuka. Imekaukaga zamani, ukiigonga inalia kama ngoma. Sasa inawezaje kuoza leo?" Akamtazama mtunza ghala. "Thadeo, mwanangu, wewe ndiye unaingiaga humo kila asubuhi. Pua yako inasemaje?"

Watu wote wakamtazama shujaa wetu. Shujaa wetu akatazama viatu vyake, na kwa kuwa hakuwa amevaa viatu, akatazama vidole.

"Mimi nina mafua, mama," akasema.

Waandishi wa historia huwa wanairuka saa kama hiyo katika maisha ya mashujaa wao. Mimi siiruki. Mtu mwenye umri wa miaka arobaini na minne, aliyewahi kubeba magunia mawili ya sukari kwa mpigo, alishindwa kubeba neno moja. Boke alikaa chini. Alijifunika kanga usoni, na kila mmoja alikuwa anafurahi kwamba ngozi si yake.

Ijumaa, saa tano, Thadeo alikuwa nyumbani, yaani ndani ya kibanda cha nyasi, mbele ya uji wa moto ambao hakuugusa. Mkewe Dorkas alimwangalia.

"Mafua yako yamepona?" akauliza.

"Usianze."

"Sijaanza. Nataka kujua tu. Maana mimi nimelala na wewe miaka kumi na tisa na sijakuona hata siku moja na mafua. Ni nini kiko mle ndani?"

Akamwambia. Alimwambia yote, gunia, teke, matope kwenye shati. Dorkas alisikiliza hadi mwisho bila kucheka, na hilo lilimuumiza Thadeo kuliko kicheko.

"Kwa hiyo karatasi zilikupiga mateke, na wewe ukanyamaza."

"Atanivua ufunguo, Dorkas. Kabla ya ufunguo nilikuwa nani hapa?"

"Ulikuwa mtu anayejua samaki ni samaki," akasema Dorkas. "Mimi mwakani sibebi pamba mpaka Manyamanyama kwa ajili ya ufunguo wako. Tena yule mama amekuita mwanangu."

Thadeo akasimama. Hakutoa hotuba. Alichukua mtaimbo uliokuwa unashikilia mlango wa kibanda, na mlango ukaanguka nyuma yake, naye hakugeuka.

Mbele ya ghala moto ulikuwa umekwisha washwa. Boke alikuwa ameitoa ngozi yake mwenyewe, ameikunja, ameikumbatia kifuani, kwa kuwa alikataa iguswe na mtu mwingine. Thadeo akapita katikati ya watu kama ngalawa inavyopasua magugu, akaingia ghalani, akavuka miraba ya chaki bila kukanyaga mstari hata mmoja, akafika mbele ya kufuli la shaba. Katibu alimkimbilia kwa nyuma, akajitanda mlangoni.

"Ndugu Thadeo, simama hapo ulipo. Hiki ni Chumba cha Nyaraka. Humu kuna siri za chama na serikali, na mtu asiye na kibali akiingia atajibu mbele ya vyombo vinavyohusika. Fikiria mustakabali wako. Fikiria ufunguo."

"Ndugu Katibu," akajibu Thadeo, na sauti ilimtetemeka, nasema kweli, ilimtetemeka kama ya mtahiriwa, "mimi mwenyewe ndiye nilibeba hizo nyaraka. Zilikuwa na mkia. Sogea kidogo, usije ukaumia."

Katibu alisogea. Watu wa kalamu huwa wanausoma upesi mtaimbo kuliko barua. Pigo la kwanza liliteleza. La pili likaipinda bawaba. La tatu kufuli likaanguka kwa kishindo, mlango ukafunguka, na jeshi la nzi likatoka kwa wakati mmoja kwa mngurumo ambao, waliokuwepo wanaapa, uliwarudisha nyuma wanaume sita wa kamati hadi upande wa pili wa moto.

Thadeo aliingia. Machozi yakamtoka, uji ambao hakuunywa ukajaribu kurudi. Gunia lilikuwa sakafuni, limejaa, likitikisika kwa funza. Akaliinua. Lilipasuka upande mmoja, basi akalikumbatia, kifua kwa kifua, kama ndugu aliyerudi vitani, akatoka nalo. Kutoka pale hadi kwenye shimo jipya la choo ni hatua thelathini. Alizihesabu kwa sauti, maana ndiyo kitu pekee kilichozuia kinywa chake kufanya mengine. Watu walimpisha. Hatua ya ishirini na mbili alipiga goti. Akainuka. Hatua ya thelathini akaliachia gunia, likaanguka kwenye kina, na yeye akakaa ukingoni akiwa amefumba macho.

Kisha Katibu, ambaye alikuwa amekwisha pata pumzi, akasema, "Kamati itaunda tume ya kuchunguza ni adui gani aliyemwingiza samaki huyu."

Boke alipita mbele yake na ngozi yake kifuani. "Mtafuteni," akasema. "Atakuwa anajuaga kuandika." Kisha akaiweka ngozi chini, akachota majivu yaliyopoa pembeni mwa ule moto kwa mikono yake, akaenda hadi shimoni, akamsugua Thadeo viganja, kimoja baada ya kingine, polepole, kama mtu anavyomwosha mtoto.

Kijiji kizima kilikesha mchana huo, kama mtu anaweza kukesha mchana, kikifagia, kikimwaga maji, kikifukiza majani ya mwarobaini. Jumamosi mkaguzi akaja, mtu mfupi mwenye pua kubwa. Aliingia, akazunguka, akanusa kona zote nne. Katika kitabu chake akaandika neno moja: safi. Msimu ule pamba yote ya Juhudi iliuzwa Juhudi, na shingo za akina mama zikapumzika.

Tume ilikaa. Haikumpata adui, ila ilibaini kwamba kufuli la umma limevunjwa, na Thadeo akavuliwa ufunguo. Katibu alipandishwa cheo akapelekwa Musoma, ambako naambiwa alibandika matangazo mengi na yote yalisomeka vizuri. Jina lake sasa halikumbukwi na mtu isipokuwa mimi.

Bali nendeni Juhudi, muwaulize wale waliozaliwa katika masika ile umri wao ni upi. Hawatawatajia sabini na tano. Wapo wanaokumbuka mwaka wa nzige, na mwaka wa njaa ya mihogo, na mwaka wa bendera ya uhuru. Na baada ya hiyo, katika safu moja na hiyo, kwa heshima ileile, watawaambia kwamba mama zao waliwazaa mwaka Thadeo alipotoa samaki.