Hotuba ya Kufungua Mlango wa Jumba la Picha za Rangi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya mgeni rasmi kupata udhuru. Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mwonekano, Mpangilio na Maonyesho, ambaye pia ni mimi. Mwenyekiti wa Kamati ya Kuchagua Rangi ya Ukuta. Katibu wa Kamati ya Kuchagua Kamati. Shemeji zangu mlioketi meza kuu. Mama watoto wangu. Wazee wa mtaa mlioko juani. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Wananchi wenzangu, wapo watu, na leo sitawataja ingawa nawaona, wanaodhani kwamba maonyesho ya picha za rangi ni picha. Jamani! Picha ni kipengele tu. Maonyesho ni ukuta, ni mwanga, ni urefu wa msumari, ni nafasi kati ya picha na picha, ni jinsi mtazamaji anavyovuta pumzi akishavuka kizingiti. Dumu la njano la pichani likitundikwa kwenye ukuta mweupe linacheka. Dumu hilohilo likitundikwa kwenye ukuta wa kijani linaugua. Haya niliyashuhudia katika ziara ya mafunzo ya nchi za nje, ambako niliteseka hotelini wiki nzima kwa niaba yenu. (Miguno upande wa juani.)

Kwa hiyo ofisi yangu, kwa kutumia mkabala shirikishi na jumuishi wa prezentesheni ya kisasa, ilianza na ukuta. Kamati ilikaa, ikala, ikakaa tena, ikapendekeza rangi ya maziwa, nami nikasema hapana, ifanane na tai yangu. Mnaiona? (Anainua tai. Shemeji wanashangilia.) Zambarau! Ukuta ulipokamilika ndipo tukazipima picha kama zina nidhamu mbele yake. Za kijani ziligombana nao. Nyekundu zilikuwa zinampigia mgeni kelele. Za buluu, kusema kweli, zilikuwa na adabu, lakini zilizama zisionekane. Hivyo, kwa mujibu wa takwimu zetu, tumefikia utulivu wa macho wa asilimia mia moja na nne, na picha zote zimerejeshwa kwa mwenyewe zikiwa salama. (Sauti: "Zote?") Zote, ndugu yangu! Hakuna hata moja iliyopotea. Hapo ndipo mlipaswa kupiga makofi.

("Mheshimiwa, samahani!" Ni binti mpiga picha, amesimama, bunda la picha kwapani, amemshika baba yake mkono.) Binti yangu, keti. Ulinieleza ofisini, ukanieleza kwenye ngazi, na juzi ukanieleza kwa kinyozi, mimi nina povu nusu ya kidevu, kwamba baba yako, fundi cherehani aliyewashonea watu wa mtaa huu sare za shule, macho yanamwisha, daktari amesema hayafiki mwaka mpya, na wewe unachotaka ni azione picha zako mahali penye heshima, mara moja tu, kabla giza halijaingia. Nilikuelewa. Niliguswa. Nilikaribia kulia, msaidizi wangu ni shahidi. Ndiyo maana nimeelekeza kwamba mzee wetu awe mtu wa kwanza kuvuka mlango huu! (Makofi, safari hii hata juani.)

Na ni mlango wa jengo gani! Jengo hili halivuji, halijawahi kuvuja. Hakuna mgeni aliyelalamika kwamba ndani kuna joto. Gharama ya kulifagia ni sifuri, na hilo hata wenzetu wa nchi za nje hawajaliweza. Vuta pazia! (Pazia linavutwa. Mlango mkubwa wa mbao wenye nakshi. Watu: "Lo!") Karibu, mzee wangu, ingia. (Mzee anakwenda taratibu, mikono mbele. Anapapasa juu, anapapasa chini. Ananusa kidole. "Mkubwa, hii rangi bado mbichi. Kitasa kiko wapi?")

Kitasa, mzee wangu, kiko awamu ya pili. ("Na bawaba?") Awamu ya tatu. ("Na chumba chenyewe?") Jamani, mzee ana maswali huyu! Chumba kiko kwenye upembuzi yakinifu. (Kicheko kirefu juani. Mzee anamgeukia binti yake: "Twende pale kwa dobi, mwanangu. Kuna jua, na kamba anazo.")

Wananchi, kaeni! Nani amewaruhusu kuvuka barabara? Binti, angalia, unazibana picha kwa vibanio vya nguo, tena unazitundika chini mno! Taratibu za kimataifa zinasema usawa wa macho! ("Huu ndio usawa wa macho ya baba," anajibu binti, bila kugeuka.) Na hayo mashuka ya dobi nyuma yake, meupe hivyo, yame... (Anakohoa.) Hayakupitishwa na kamati. (Ng'ambo ya barabara mzee amesimama na mgongo wake uliopinda, pua inakaribia kugusa picha: "Huu uzi wa buluu naujua. Si ndio nilioshonea gauni lako la kwanza la shule? Lo, mwanangu, kumbe uliutunza!" Dobi anajifuta macho kwa foronya ya mteja.)

Narudia, kaeni! Nikisema "Picha bora!", mnaitikia "Ukuta kwanza!" Picha bora! (Kimya.) Rangi moja! (Kimya.) Basi.

Kwa kumalizia, namshukuru fundi rangi aliyelijenga jumba hili lote kwa brashi na ngazi ya kuazima. Naushukuru ukuta huu wa ghala la zamani, ambalo kwingine kote lilishabomoka, kwa kutupa mgongo wake. Nawashukuru wafadhili, ambao hawatakuja kukagua. Na nawashukuru shemeji zangu waliobaki nami hadi... Shemeji? Mama watoto, hata wewe? Haya, dereva, nifungulie mlango. Wa gari, bwana! Dereva! (Dereva yuko kwa dobi, amemshikia binti vibanio.) Basi sogea kidogo hapo, dereva, unaniziba. Ile ya madumu ya njano siioni vizuri.