Kuhusu Kiraka Kufukuzwa kwa Kukosa Asili

Kwa Baba Mwenye Nyumba,

Shikamoo. Mwanangu ametafuna kona ya tangazo lako sasa hivi, ile yenye sahihi. Nimemtoa karatasi mdomoni na kuianika dirishani, kwa hiyo usidhani tumekudharau. Nimelisoma lote. Linasema mbwa asiyejulikana aina wala asili yake atoke kwenye ua huu kabla ya Jumamosi. Mbwa wa namna hiyo ni mmoja tu, Kiraka wetu, ingawa kwa heshima zako hukumtaja.

Shule mimi niliishia njiani, lakini daktari wa mifugo kaniazima kitabu chake cha mbwa wa dunia nzima, chenye picha, nikakisoma huku nikikoroga uji wa mtoto. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mbwa wako ni mchungaji wa Kijerumani. Kitabu kinasema mababu zake walichunga kondoo. Sibishi. Ila juzi jogoo wa fundi cherehani alimkimbiza mpaka chini ya gari lako, ukamtoa kwa kumbembeleza.

2. Mbwa wa fundi huyo, yule wa manyoya, kwao ni Siberia, wanavuta mizigo juu ya theluji. Hapa analala mbele ya feni kutwa, na kitu pekee alichowahi kuvuta ni kamba ya nguo, shuka zangu zikiwa juu yake. Kijimbwa cha mwalimu wa ghorofani mababu zake walifugwa na wafalme wa China. Hicho sikilaumu, naona bado kinawasubiri.

3. Asili ya Kiraka naijua mimi. Kazaliwa hapa hapa chini ya ngazi, wiki ile niliyojifungua. Nilivisikia vitoto vikilia huko chini, wangu akilia kitandani. Basi mwenyeji ni yeye. Hao wengine ni wageni, na ingefaa waje kwake mmoja mmoja kuomba ruhusa ya kukaa.

4. Tukianza kuulizana asili hatutamaliza. Babu zake mume wangu wametoka pande tatu, na kwetu mimi ndiyo usiseme. Daktari akitupima ataandika "mchanganyiko", kama alivyomwandika Kiraka. Je, na sisi tufunge virago Jumamosi? Hata wewe Baba, samahani, pua yako na ya marehemu babu yako kwenye picha ya sebuleni hazikutoka nchi moja.

5. Mtoto anajifunza kusimama kwa kushika sikio la Kiraka. Kiraka hasogei mpaka ashikwe vizuri. Hilo halimo kitabuni, kwa mbwa yeyote.

Naomba basi aandikishwe hivi. Aina: Mbwa wa Ngazi. Chimbuko: hapa.

Msalimie mama, wasalimie watoto, na mbwa wako mpe pole ya jogoo.

Mpangaji wako mtiifu,
Mama Kidoti, chumba cha nne

N.B. Mlinzi kapita, nimemsomea, kacheka mpaka kofia imemdondoka. Anasema Kiraka alimleta yeye mwenyewe kwenye kikapu, kutoka mahali asipopakumbuka tena. Waliozaliwa chini ya ngazi walikuwa paka. Basi la tatu lifute. Na la kwanza, na la pili, na lile la pua hasa. Ila la tano liache, Baba, maana bila sikio la Kiraka mtoto hawezi kuinua hata mguu. Mama mkwe ananiita uani, anapiga vigelegele, anasema mtoto kaliachia sikio, anatembea peke yake, hatua ya tatu hiyo, na Kiraka yuko nyuma yake ana... Ngoja, Baba, nakimbia nikaone.